Kumdhamini Aliyetoka Gerezani: Niliyoyaona Malindi

Mtu anayetoka gerezani na kurudi Malindi huulizwa maswali mawili kabla ya mengine yote: wewe ni wa kwa nani, na siku zote hizi ulikuwa wapi. La kwanza angelijibu bila taabu, lau si la pili. Mji wetu, kama miji mingine ya mwambao, huendeshwa kwa kujuana. Chumba hupangishwa kwa kuwa mwenye nyumba anamjua ami yako. Nahodha humchukua baharia kwa kuwa alivua na babake. Mwenye duka hukopesha unga na sukari kwa kuwa anajua mwisho wa mwezi atakwenda kubisha mlango gani. Aliyefungwa huipoteza dhamana hiyo yote kwa mkupuo mmoja, na kwa niliyoyaona, ukosefu huo ndio unaomrudisha ndani upesi kuliko ubaya wa tabia yake.

Nasema haya nikiwa seremala, si mwanasheria. Nilizaliwa Lamu, nikajifunza kazi kwa mjomba wangu, kisha nikahamia Malindi, ambako karakana yangu iko upande wa Maweni. Tunatengeneza vitanda, milango na viti vya hoteli. Watalii wakipungua na hoteli zikafunga milango, tunashika madawati ya shule na kazi yoyote itakayokuja. Miaka kadhaa iliyopita afisa wa probesheni, yule wa serikali anayewasimamia wakosaji nje ya gereza, alinijia akiuliza kama ningeweza kumpokea kijana aliyefunzwa useremala gerezani na kufaulu mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Nilimpokea kwa sababu isiyo na ucha Mungu wowote: nilikuwa na kazi ya hoteli iliyochelewa na nilihitaji mikono. Baada yake walifuata wengine, na hatimaye nikaandikishwa miongoni mwa raia wanaojitolea kuwasaidia maafisa wa probesheni, maana Kenya ina utaratibu huo, ingawa wengi hawaujui.

Kijana yule wa kwanza, mzaliwa wa Kisumu Ndogo, alinishangaza. Mpe ubao wa mwembe uliopinda, atautia jiriwani, atapiga randa kwa mapigo marefu, atainama autazame kwa jicho moja akiuelekeza kwenye mwanga wa mlango, atarudia, mpaka ukiupitishia kiganja hukutani na kitu. Lakini fundi huyo huyo hakuweza kwenda chooni bila kuja kusimama mbele yangu, mikono nyuma, akingoja nimtazame. Siku moja saa ya chai niliwahesabu watu ili nijue maandazi mangapi yaletwe, naye akachuchumaa. Gerezani huhesabiwa hivyo, wamechuchumaa kwa mistari, na magoti yake yalitii kabla akili haijakumbuka kwamba yuko huru. Wenzake wakacheka. Mmoja wao, mtu mzima, akamwambia, “Inuka, mwanangu, hapa hesabu ni ya maandazi,” na tangu siku hiyo ukawa ni mzaha wa karakana ambao yeye mwenyewe aliupenda kuliko wote.

Ndiyo maana nikisikia kwamba dawa ya kurudia makosa ni kuwafundisha wafungwa ufundi, mimi hukubali nusu. Magereza yetu yanafundisha useremala, ushonaji, uashi na kilimo, na wapo wanaofanya mitihani ya kitaifa ya shule wakiwa wamevaa kunguru, yaani sare ya wafungwa. Mafunzo hayo ni mazuri na yasipunguzwe. Ila fundi asiye na mtu wa kumtaja hapati mlango wa kupiga hodi, na cheti hakisemi “huyu ni wa kwetu.”

Jambo ambalo bado linanikera ni kwamba siku ya kutoka hujulikana mapema, na bado huwakuta watu hawakujitayarisha. Chini ya Sheria ya Magereza, Sura ya 90, mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa bidii ya kazi na mwenendo mzuri, isipokuwa wafungwa wa maisha na makosa machache yaliyotajwa na sheria yenyewe. Aliyehukumiwa miaka mitatu, basi, akitulia hutoka baada ya miwili, na hesabu hiyo inaweza kupigwa tangu mwanzo. Gereza linaijua tarehe. Mfungwa anaijua kuliko anavyoijua siku aliyozaliwa. Wasioijua ni watu wa nyumbani. Nimesimama langoni asubuhi zaidi ya mara moja, na mara nyingi niliyemkuta akingoja pamoja nami alikuwa rafiki wa zamani wa yule anayetoka, mwenzake wa mambo yale yale, amekuja na pikipiki na sigara. Marafiki wa namna hiyo hawahitaji kupelekewa barua. Tarehe wanaihesabu wenyewe. Mama mzazi yuko shambani Ganda, hana habari, au anayo lakini hana nauli, au ana nauli na anaona haya kuonekana amesimama pale.

Kwa hiyo tulianza kwenda majumbani kabla ya siku yenyewe, mimi na afisa, na pale inapofaa imamu au mchungaji na mzee wa mtaa. Kazi kubwa iko hapo, wala haimhusu mfungwa. Humhusu kaka aliyekwisha kukilima kiwanja cha mwenzake akaona ni chake. Humhusu mke aliyekwenda mahakama ya kadhi, akafunguliwa ndoa kwa faskhi kwa haki yake, akaolewa, na sasa mume wa kwanza anarudi mtaa ule ule. Humhusu jirani aliyeibiwa. Mambo haya yakiachwa yamlaki mwenyewe siku anaposhuka kwenye matatu, yatamshinda kabla ya Ijumaa. Yakizungumzwa mapema, kwa kahawa na kwa sauti ya chini, mengi hupata njia, na lile lisilopata njia angalau hujulikana, ili mtu atafutiwe pa kulala pengine.

Mlalamikaji ndiye mtu tunayemsahau kuliko wote. Alikuwapo mfugaji mmoja aliyeibiwa mbuzi na kijana wa kijiji chake. Kijana alifungwa, akatumikia, akatoka, akaja kwangu. Tulipokwenda kumwona mfugaji yule tukiwa na naibu wa chifu, alitukaribisha vizuri, akatupa madafu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: “Serikali ilimfunga huyu. Mbuzi wangu, je, walilipwa na nani?” Alikuwa na haki. Kifungo kilimwondolea kijana miaka yake, lakini hakikumrudishia mzee hata kwato moja. Tulikubaliana pale pale kwamba kijana atamtengenezea mlango wa mbele na kitanda cha futi tano, mbao zitoke kwangu na zikatwe kidogo kidogo katika ujira wake. Alimaliza. Mlango ule hauna nakshi ya kupigia picha, lakini bawaba zake zimekaa sawa na haulii. Miezi ilipita, ndugu yake mfugaji akawa anajenga Gongoni na anatafuta seremala wa madirisha, na aliyempigia kijana simu alikuwa ni yule yule mwenye mbuzi. Mimi nilikuwa nimemdhamini kwa maneno. Yeye, aliyekosewa, alipomtaja kwa jina, watu hawakuhitaji kuniuliza mimi tena. Tangu hapo sijampokea mtu bila kuuliza kwanza ni nani aliyekosewa na yuko wapi.

Si kila aliyekosewa anakubali kuonana na aliyemkosea, na halazimishwi. Mwenye kufiwa, au mwanamke aliyeumizwa, akisema hataki kumwona mtu yule machoni, maongezi huishia hapo, na aliyetoka hutafutiwa mji mwingine. Nimesaidia wawili kwenda kuanza Kilifi kwa sababu hiyo. Kumsaidia aliyetoka kusigeuke kuwa mzigo mwingine kwa aliyekwisha kuumizwa.

Mbali na majirani yuko mdhamini mwingine, naye ni serikali. Kijana wangu wa kwanza alifanya kazi wiki ya kwanza vizuri, ikafika siku ya malipo, nikagundua sina njia ya kumlipa kama ninavyowalipa wenzake. Laini yake ya simu ilikuwa imezimwa kwa kutotumika na nambari imepewa mtu mwingine. Laini mpya haisajiliwi bila kitambulisho. Kitambulisho kilipotea siku ya kukamatwa. Ili apate kingine ilibidi aripoti upotevu kituo cha polisi, mahali ambapo miguu yake ilikataa kuingia mpaka nilipomtangulia. Bila kitambulisho hakuna M-Pesa, hakuna kupanga chumba kwa jina lako, hakuna kuandikishwa katika kikundi cha vijana. Mtu anaambiwa aishi kwa halali wakati nyaraka za kuishi kwa halali hana. Hili lingeweza kumalizwa akiwa ndani, kwa kuwa yuko mahali pamoja, alama za vidole zimekwisha kuchukuliwa, na kama nilivyosema, tarehe inajulikana.

Waliokaa sana ndani wana matatizo yao, mengine ya kuchekesha na kuliza kwa pamoja. Mzee mmoja wa Mambrui aliingia gerezani kabla M-Pesa haijaanza mwaka 2007, akatoka baada ya mwaka 2019. Alipofika kwake alifukua mkebe wa maziwa ya unga alioufukia karibu na mahali pa mtungi, na ndani yake mlikuwa na noti za shilingi elfu moja, zimekunjwa vizuri, zimefungwa na mpira. Benki Kuu ilitoa noti mpya mwezi Juni 2019, na zile za zamani za elfu moja zikakoma kuwa fedha tarehe 30 Septemba mwaka huo huo. Alizipanga kitandani, akazihesabu mbele yangu, akanitazama, akasema, “Fundi, na pesa zangu nazo zimefungwa, tena zimefungwa maisha.” Alicheka yeye kwanza, nami nikapata ruhusa ya kucheka. Mzee huyo hakuhitaji kazi ya randa. Alihitaji mtu wa kumfundisha kutuma pesa kwa simu, na wa kutembea naye siku za mwanzo kuvuka barabara yenye tuktuk na bodaboda, na mjukuu wake alifanya yote mawili kwa subira kuliko ambavyo ningefanya mimi.

Nikija kwenye unga wa kulevya, nitasema kwa urefu, kwa kuwa hapa ndipo wengi wa vijana wetu wanapopotelea. Heroini imekaa Malindi miaka mingi. Omari Project ilianzishwa hapa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya kuwatibu watumiaji, na kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini ili kutibu uraibu wake, katika hospitali ya Malindi ilianza mwaka 2015, ikiwa miongoni mwa za mwanzo nchini. Kijana mwenye uraibu huiba ili aikimbie arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, hufungwa kwa wizi, na akitoka huonekana amenenepa, macho meupe, familia ikasema amepona. Hatari yake kubwa ndiyo inaanza. Mwili uliokaa bila unga hauwezi tena kustahimili kipimo kile cha zamani, na kete, yaani kipakiti kimoja cha unga, ambayo zamani ilikuwa ya kumtuliza sasa inaweza kumuua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani katika jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba katika wiki mbili za mwanzo uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara 12.7 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo, na sababu iliyoongoza ilikuwa dawa za kulevya kupita kiasi. Washington si Malindi, lakini mwili wa binadamu ni ule ule, na mimi nimekwenda mazikoni Muyeye ya kijana aliyekuwa ametoka juzi tu.

Methadoni hunywewa kliniki, kila siku, mbele ya mhudumu. Mwajiri anayemwambia kijana afike saa moja kamili asubuhi, na asipofika asije tena, anamlazimisha achague kati ya kazi na dawa, na akiikosa dawa, kazi nayo haitadumu. Niliamua wanaokwenda kliniki waingie saa tatu na watoke baada ya wenzao. Mafundi wangu wa zamani walinung’unika, wakasema mateja wanapendelewa. Niliwaambia yeyote anayetaka kupendelewa hivyo aje tubadilishane naye: aende akapange foleni ile kila siku ya Mungu, jua na mvua, Idi na Krismasi, kisha aje kazini afanye saa zile zile. Hakuna aliyejitokeza. Familia nazo ni lazima zielezwe kwamba methadoni ni matibabu, maana wapo wanaosema ni uraibu kwa uraibu, na kijana akidhihakiwa nyumbani kwa kunywa dawa hatachukua muda kuiacha. Ninaowajua mimi waliotulia kwa miaka ni wale walioshikamana na kliniki huku wana kazi ya kufanya mchana.

Kuhusu cheti cha mwenendo mwema, kile cha polisi kinachoonyesha kama mtu ana rekodi ya makosa, nina machache ya kusema na hayana furaha. Kampuni za ulinzi hukitaka, hoteli nyingi hukitaka, na dereva wa magari ya abiria hukitaka. Ada niliyowalipia baadhi yao ni shilingi 1,050. Cheti hutokana na alama za vidole, na alama za vidole hazijali kama kosa lilikuwa la ujana au la juzi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabiwe zimekwisha baada ya muda uliowekwa, mwenyewe akikaa bila kosa jipya, na kwa kazi nyingi halazimiki kuzitaja. Ningependa kuona wabunge wetu wa pwani wakilibeba jambo kama hilo badala ya kutuletea jezi za mpira. Mpaka hapo, anayeweza kumwajiri mtu wa aina hii ni mwenye karakana, mwenye mashua, mwenye shamba, yaani mtu asiyeuliza cheti kwa kuwa anauliza watu.

Kujulikana huko huko, hata hivyo, kuna upande wake mkali. Kukivunjwa duka usiku, watu wa kwanza kusombwa alfajiri ni wale waliowahi kufungwa. Nimewahi kwenda kituoni kueleza kwamba kijana fulani alikuwa kwangu mpaka saa nne za usiku tukimalizia vitanda, na afisa wa zamu, namshukuru, alinisikiliza. Asiye na wa kumsemea hulala pale, hukosa kazi siku ya pili, hufukuzwa, na hadithi inaanza upya bila yeye kuiba kitu. Kwa sababu hiyo mimi husoma takwimu za kurudia makosa kwa uangalifu. Zile za Marekani zinazonukuliwa sana, za watu waliotoka magerezani mwaka 2005 katika majimbo 30, zilionyesha kwamba asilimia 67.8 walikamatwa tena katika miaka mitatu na asilimia 76.6 katika miaka mitano. Ni nyingi, lakini zinahesabu kukamatwa. Anayekamatwa kwa kuwa sura yake inajulikana yumo pia katika hesabu hiyo.

Nikiwa mtoto Lamu, gereza lilikuwa katikati ya mji, ndani ya Ngome, hatua chache kutoka sokoni. Ngome ile iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821 ilitumika kama gereza tangu enzi za Waingereza mpaka mwaka 1984, na leo ni makumbusho. Sitaki kuipamba, kuta zile zilikuwa na joto na watu waliteseka. Lakini mfungwa alitoka mlangoni akajikuta mbele ya wauza samaki wanaomjua mama yake, na wazee waliokaa barazani walijua nani kaingia na nani anatoka lini. Siku hizi gereza la Lamu liko Hindi, upande wa bara, mbali na macho ya mji, na sisi wa Malindi tunalipita letu bila kugeuza shingo. Hatuwajui walio ndani, ndiyo maana wanatutisha wakitoka.

Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi. Malindi ina gereza la wanawake, na sheria humruhusu mama kukaa na mtoto wake mchanga mpaka afikishe miaka minne. Wengi ninaosikia habari zao kwa mke wangu, ambaye ndiye huwapokea, walifungwa kwa pombe ya kienyeji, kwa faini ambazo hawakuweza kulipa. Mwanamume akitoka, mtaa husema kijana amekosea, amejifunza. Mwanamke akitoka, mtaa humuuliza ni mama wa namna gani. Watoto wamegawanywa kwa mashangazi na kuwakusanya huchukua muda mrefu. Mama mmoja wa Barani alichomoka kwa njia ya chama cha wanawake wanaochangiana pesa na kupokea kwa zamu. Wanachama walimkataa kwanza, wakihofia akipokea zamu yake atatoweka, mpaka shangazi yake alipokubali kwamba akikosa mchango siku yoyote, atautoa yeye. Aliwekwa wa mwisho katika zamu. Alipofikiwa, alinunua karai kubwa na mafuta, na sasa mahamri yake ya alfajiri yanaliwa na walimu wa shule mbili.

Makosa madogo ya namna hiyo yasingepaswa kumfikisha mtu gerezani kwanza. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inaruhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya umma, kama vile kufagia hospitali au kupanda miti shuleni, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Anayefagia hospitali mchana hulala kwake usiku, na mama wa Barani asingelazimika kuwatafuta watoto wake. Kila Ramadhani tunachangisha pesa za kuwalipia faini waliokwama kwa shilingi chache, tukikumbuka kwamba Qur’ani imewataja maskini, yatima na mfungwa mahali pamoja. Ni jambo jema. Hata hivyo nimeshauri kamati yetu isimlipie mtu faini kabla ya kujua atalala wapi usiku ule.

Kudhamini kuna gharama, na anayeingia aijue. Mtu mmoja niliyemwamini aliondoka na keekee yangu ya umeme na patasi tatu nzuri, akaziuza Watamu. Mafundi walinisubiri waone nitasema nini. Nilikwenda kwa mama yake, nikamweleza bila kupandisha sauti, nikaandika ripoti, nikanunua keekee nyingine. Niliendelea kuwapokea watu, ila vifaa vya umeme sasa vina daftari na kila mtu hutia saini, mimi nikiwa wa kwanza, na naona utaratibu huo umewafaa hata wale ambao hawajawahi kuliona gereza. Dhamana yangu pia nimeiwekea mipaka: namsemea mtu kwa kazi yake na kwa mwenye nyumba, kodi ya miezi ya mwanzo naikata katika ujira, lakini simdhamini kwa mkopo, na simdhamini kwa binti wa mtu. Hili la pili nimeshaombwa.

Sasa tuna kijana wa Shela, wa hapa Malindi, anayetarajiwa kutoka baada ya Idi. Kitambulisho chake kimepatikana kwa dada yake. Kliniki imeshapewa habari zake. Mwenye duka aliyemvunjia amekubali kukaa naye barazani, mbele ya imamu, bila kuahidi zaidi ya hapo. Mama yake amesema atalala nyumbani, katika chumba chake kile kile, ila ufunguo wa mlango mkubwa utabaki kwake yeye mama mpaka atakapoona mwenyewe. Nilidhani kijana atachukia tulipompelekea habari hiyo siku ya kutembelewa. Alifikiri kidogo, akasema, “Mwambieni anifungulie mapema, kwa sababu kliniki nataka niwahi.”